Kadi 28 na simu moja: zana za mtandaoni zilizonifaa Darasa la Tatu

Nafundisha Hisabati na Kiswahili Darasa la Tatu, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Watoto ni 84, madawati 28, kila dawati wanakaa watatu. Simu janja ni moja, yangu. Umeme umefika ofisi ya walimu, darasani bado. Nayataja haya mapema kwa sababu orodha nyingi za zana bora za mwalimu zinachukulia kwamba kila mtoto ana kishikwambi chake mezani, na mwalimu wa huku akifika aya ya pili anafunga simu anarudi kwenye madaftari yake.

Nimetumia mwaka mzima kujaribu zana hizi, na kila moja nimeiuliza swali moja tu: itanionyesha ni mtoto gani hajaelewa, kabla kengele haijalia? Iliyojibu vizuri kuliko zote ni Plickers, kwa hiyo ndiyo nitakayoizungumzia kwa kirefu.

Plickers ni hivi. Unajiandikisha bure kwenye tovuti yao, unapakua kadi, unaprinti. Kila kadi ina mchoro mweusi wa miraba, na hakuna michoro miwili inayofanana. Kwenye kingo nne za mchoro kuna herufi A, B, C na D, zimeandikwa ndogo sana. Unauliza swali lenye majibu manne. Mtoto anaigeuza kadi mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, halafu anaiinua. Wewe unasimama mbele na kupitisha kamera ya simu taratibu kutoka upande wa dirisha mpaka upande wa mlango. Simu inazisoma kadi zote, na kwenye kioo unaona majina: aliyepata kijani, aliyekosa nyekundu. Mtoto hahitaji kifaa chochote zaidi ya karatasi.

Kadi zimepangwa kwa seti, kuna ya kadi 40 na kubwa zaidi ya kadi 63. Darasa langu halienei hata kwenye hiyo ya 63. Nililifikiria jambo hili siku mbili, kisha nikaamua kufuata madawati. Niliprinti kadi 28 tu, kadi namba 1 ni ya dawati la kwanza, namba 28 ya dawati la mwisho. Kwenye programu nikafungua madarasa matatu: Kushoto, Kati na Kulia, kila moja lina watoto 28. Swali la kwanza kadi anashika wa kushoto, wenzake wawili wanaandika jibu kwenye daftari. Swali la pili kadi inahamia kwa wa kati, nami nabadilisha darasa kwenye simu. La tatu inakwenda kwa wa kulia. Mwanzoni kuhamisha kadi kulileta vurugu na kugombania, lakini kufikia wiki ya tatu walikuwa wanafanya kwa kupiga makofi mawili, na muda uliokuwa ukipotea ukarudi.

Gharama yake ni hii: kadi mbili zinaenea kwenye karatasi moja ya A4, hivyo karatasi 14. Stesheneri ya mjini walinitoza shilingi 200 kwa karatasi, jumla 2,800. Mchoro ni mweusi mtupu, printa ya rangi haihitajiki. Nilizibandika kwa gundi kwenye vipande vya maboksi ya sabuni ili zisijikunje. Nikafanya kosa la kuzipitishia selotepu juu ili zidumu: jua la saa nne likipiga dirishani zinang'aa na kamera haisomi kitu. Nilibandua zote nikaanza upya. Kwa hiyo usiweke selotepu wala plastiki ya kung'aa. Na wafundishe watoto kuishika kadi kwa pembeni, maana kidole kikiingia juu ya mchoro kadi hiyo haisomeki.

Sasa nieleze kilichonifanya niipende. Tulikuwa kwenye thamani ya tarakimu. Nilikuwa nimefundisha vipindi viwili, nimetumia vifuniko vya soda, nimechora nyumba za maelfu, mamia, makumi na mamoja. Nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima, "Ndiyooo, Mwalimu!" Kila mwalimu anaijua hiyo ndiyo. Nikaandika ubaoni: thamani ya tarakimu 3 katika 4,306 ni ipi? A 3, B 30, C 300, D 3,000. Kadi zikainuka. Nikapitisha simu. Kati ya watoto 28 wa kushoto, C ilikuwa na watoto 9. A ilikuwa na 14.

Niliduwaa kidogo mbele ya ubao. Kama ningekuwa nimeita walionyoosha vidole, ningepata wale wale sita wa kila siku, wote wangesema 300, ningewapigia makofi na kwenda kwenye mada inayofuata. Nikamwita mmoja wa waliosema A, nikamuuliza kwa upole amepataje. Akasema, "Mwalimu, tarakimu 3 ni tatu." Hapo ndipo nilipoelewa. Nyumba za tarakimu walikuwa wamezishika. Neno "thamani" ndilo hawakulishika. Walijibu tarakimu yenyewe kwa sababu mtaani neno hilo hawalisikii, na mimi nililisema mara ishirini bila kulifafanua. Nikaacha hesabu nikaeleza neno: noti ya elfu mbili na sarafu ya mia mbili zote zimeandikwa 2 mwanzoni, ipi inanunua zaidi? Dakika tano. Swali la pili, kwa watoto wa kati, namba tofauti: 21 kati ya 28 walipata.

Siku hiyo hiyo kuna binti wa dawati la nyuma, kadi namba 26. Tangu Januari hajanyoosha kidole hata mara moja, na mimi, nakiri, nilikuwa nimeshamweka akilini mwangu kwenye kundi la wanaohitaji msaada. Jina lake likatokea kijani. Wiki iliyofuata kijani tena, na tena. Zile herufi ndogo kwenye kadi zinamfaa mtoto wa namna hii: jirani haoni amejibu nini, hakuna wa kumcheka. Nilipomtazama akaipandisha kadi ikamfunika uso. Sasa namwita aeleze hesabu kwenye dawati lake, kwa wawili anaokaa nao, maana ubaoni bado anaogopa.

Mipaka yake uijue. Akaunti ya bure inatoa maswali matano kwa seti moja. Kwangu yanatosha kabisa, maana maswali matano yaliyofikiriwa vizuri yanazidi ishirini ya haraka haraka. Inataka bando wakati wa kipindi, na inataka mwanga: siku za masika mawingu yakitanda, safu za nyuma nazisogelea. Maelezo ya programu ni ya Kiingereza, ila maswali na majina unaandika kwa Kiswahili bila tatizo. Na haipimi kuandika. Mtoto anaweza kupata kijani kwa maswali yote na bado daftari lake haliwezi kusomeka.

Jambo moja zaidi, na ningeomba kila mwalimu mwenzangu alizingatie. Ubora wa zana hii uko kwenye majibu ya uongo unayoyaweka. Ukiweka majibu ya kubuni tu, nyekundu haikuambii kitu. Mimi nayachukua kwenye madaftari. Kwenye kutoa kwa kuchukua, 52 kutoa 27, nimeona watoto wanaoandika 35 kwa sababu wanatoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo, na wanaoandika 79 kwa sababu wamejumlisha. Hayo ndiyo majibu yangu A na B. Nikiona nyekundu najua papo hapo ugonjwa ni upi. Na majina naandika la kwanza tu pamoja na namba ya dawati. Majina kamili ya watoto wa watu hayana sababu ya kukaa kwenye mtandao.

Kwa Kiswahili, zana yangu ni African Storybook. Iliasisiwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ikafunguliwa mwaka 2014, na ina hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia neno moja au sentensi fupi chini ya picha hadi hadithi ndefu za mwalimu kusoma kwa sauti. Leseni yake ni huria: unaruhusiwa kuprinti, kutafsiri na kubadilisha maneno, mradi umtaje mwandishi. Kwa shule yenye kabati la vitabu lisilojaa, hii ni neema.

Nina watoto 17 wa Darasa la Tatu ambao kusoma kwao bado hakujakaa sawa. Nawabakiza dakika arobaini Jumanne na Alhamisi. Niliprinti vitabu vya ngazi ya kwanza, nikavikunja na kuvishona uti kwa uzi wa gunia, nakala nane za kila kimoja. Mvulana mmoja alinisomea kitabu kizima kwa mbio, nikafurahi. Kisha nikafunika picha kwa kiganja. Akanyamaza. Alikuwa anasoma picha! Tukaanza upya, picha imefunikwa, silabi kwa silabi: m-bu-zi. Akafunua mwenyewe kuhakikisha, akakuta mbuzi, akacheka. Sasa kundi zima tunasoma hivyo, kiganja juu ya picha kwanza.

Ile ruhusa ya kubadilisha maneno nimeitumia pia. Hadithi moja ilikuwa na matatu, watoto wakadhani ni namba, nikaandika daladala. Na mwezi wa saba, msimu wa machungwa, darasa lilinisimulia jinsi wanavyobeba matunda kwenda kuuza barabarani. Nikaandika sentensi zao kumi na mbili kama walivyozisema, nikachagua picha kwenye hazina ya picha ya African Storybook, tukawa na kitabu chetu. Wale 17 walikisoma kwa ufasaha kuliko kitabu chochote, maana maneno yalikuwa yametoka vinywani mwao.

Nyingine nitazipitia kwa kifupi. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoasisiwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, ina maonyesho ya sayansi na hisabati ambayo mtoto anayachezea kwa kidole, baadhi yakiwa kwa Kiswahili. Ukishapakua, yanafunguka bila intaneti. Lile la sehemu ni zuri mno, ila kwa watoto 84 kioo cha simu hakitoshi na projekta hatuna. Nalitumia usiku ninapoandaa andalio la somo, kisha nachora ubaoni nilichokiona. Mwenye projekta asiikose. Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni, inachangamsha sana, lakini inataka kifaa kwa kila mtoto au angalau kila kikundi, na wanafunzi wetu hawaji na simu. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania naifungua pale kitabu cha kiada kinapokuwa kimoja kwa watoto wengi: nanakili zoezi ubaoni nikiwa na uhakika kwamba ni toleo sahihi. Ubongo Kids, katuni za hesabu na sayansi zilizoanzia Dar es Salaam na kurushwa kwenye televisheni tangu 2014, nawaagiza wazazi kwenye kundi letu la WhatsApp wawaache watoto watazame, hata kwa jirani.

Wenzangu wengine watauliza kuhusu vishikwambi, kwa sababu Tanga tuna historia navyo. Shindano la Global Learning XPRIZE lilifanyiwa majaribio huku kwetu, katika vijiji karibu 170, vishikwambi vya Kiswahili vikagawiwa kwa watoto wasiokuwa wakisoma shule, na mwaka 2019 timu mbili zilizoshinda, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Naheshimu sana kazi ile. Lakini ilibuniwa kwa ajili ya mtoto asiye na mwalimu. Wangu wanaye, yupo mbele yao saa mbili asubuhi akiwa na chaki, na anachohitaji ni kuona mpaka dawati la 28.

Mwakani nimeambiwa Darasa la Tatu litakuwa na watoto 91 na madawati 30. Dawati moja watakaa wanne, hivyo nitafungua darasa la nne kwenye programu kwa ajili ya mtoto mmoja. Kadi namba 29 na 30 nimeshaziprinti, na zile za zamani zilizoliwa pembe nimezibandika maboksi mapya.