Pete ya tsavoraiti, mwaka wa pili kidoleni

Nilitaka zumaridi. Sonara mmoja hapa Lamu, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, akakunjua karatasi na kunionyesha kijiwe cha kijani. "Mwanangu, hii si zumaridi, wala usiombe iwe."

Ilikuwa tsavoraiti, kito cha jamii ya ganeti, cha kijani, cha Taita-Taveta, kilichopewa jina la mbuga ya Tsavo mwaka 1974. Rangi yake haipakwi: ni madini ya vanadi, na mara nyingine kromu kidogo, yaliyojipenyeza ndani ya jiwe lilipokuwa likiumbika ardhini. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Hii huchongwa na kung'arishwa, basi. Ndilo lililonishawishi, maana mikono yangu haitoki kwenye maji ya sabuni na mapishi, na yale mafuta ya zumaridi yangetoka upesi.

Nilimwomba lenzi nichungulie mwenyewe. (Malindi niliwahi kuuziwa kipande cha chupa, kina viputo vya hewa kama soda. Sirudii.) Viputo sikuona, ila waa dogo pembeni, nami nikafurahi kuliona, maana jiwe la ardhini mara nyingi huwa na waa.

Jambo moja lilinichanganya. Jiwe la karati moja (kipimo cha uzito wa vito) lilionekana dogo kuliko zumaridi ya karati moja aliyoiweka kando. Nikadhani nimepunjwa, kumbe ganeti ni nzito: uzito wake ni kama mara 3.6 ya maji, zumaridi 2.7 hivi. Kwa hiyo nunua kwa macho, usinunue kwa karati peke yake. Na ule mmeto! Jua la saa kumi likipiga, zumaridi ya dada yangu inaonekana imelala.

Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, cha 1 hadi 10, ni 7 hadi 7.5, na mchanga ni 7, kwa hiyo nikienda ufukweni Shela naivua. Hata hivyo kingo mbili zimeanza kufifia kidogo.

Lawama yangu ni kwa pete. Makucha yanayoshika jiwe yalikuwa membamba, na pete ni ya fedha, ambayo ni laini. Moja lilinasa kwenye buibui likakunjuka, jiwe likawa linacheza. Nikairudisha, sonara akaizungushia ukingo mzima, na akanidai ujira tena, jambo ambalo sikulipenda. Lakini kabla ya kuwasha moto alilitoa jiwe kwanza. Ganeti hupasuka kwa joto la ghafla. Ukimwona fundi anaunguza pete na jiwe limo, chukua pete yako uondoke.