Balbu za LED za wati 9 sokoni Mwanjelwa: shika mkononi kabla ya kulipa

Kwenye meza za vifaa vya umeme pale Mwanjelwa, Mbeya, kuna balbu za wati 9 za aina mbili. Kwa sura ni pacha. Ya bei ya chini ni plastiki tupu, nyepesi kama ganda la yai. Nyingine ina alumini kiunoni na uzito wake unausikia. Chukua hiyo nzito.

Chanzo cha mwanga ni kilekile: kipande kidogo cha semikondakta ya galiamu naitraidi kinachotoa mwanga wa bluu, juu yake unga wa njano unaoufanya uwe mweupe. Ni teknolojia iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Haina zebaki, tofauti na enaji seva, kwa hiyo ikipasuka chumbani hakuna sumu ya kuvuta. Kwa saa 5 kila siku, balbu ya zamani ya wati 60 inakula uniti 9 kwa mwezi. Hii inakula 1.35.

Kinachoiua ni joto. Vitaa vya ndani vimeungwa mfululizo, kimoja kikiungua unaona kidoti cheusi na balbu nzima inazima. Plastiki tupu haitoi joto nje vizuri kama alumini, na ukiifungia ndani ya globu ya kioo unaharakisha kufa kwake. Fundi anaweza kuruka kitaa kilichokufa kwa tone la risasi ya kulehemu na itawaka, lakini katika balbu hizi za bei ya chini mzigo wa volti unahamia kwenye IC, yaani chipu inayodhibiti umeme wa balbu, nayo inachemka. Usitegemee idumu.

Soma pia maandishi ya kiunoni. Iliyoandikwa 85–265V inastahimili umeme unaposhuka jioni. Yenye 220–240V hufifia au kupepesa. Kisha omba iwashwe, uitazame kwa kamera ya simu. Mistari myeusi inayotembea maana yake kapasita, kifaa kinachotuliza umeme wa balbu, ni ndogo au haipo, na anayesomea chini yake macho yatamchoka.

Kwa baridi ya Makete au Uporoto mwezi wa saba, LED iko kwao: inawaka papo hapo wakati tyubu bado inahangaika. Ila kwenye bruda, chumba cha kulelea vifaranga, usiiweke kabisa. Balbu ya zamani hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto, na joto hilo ndilo linalolea vifaranga. Ukibadilisha bila kuweka jiko au taa ya joto, utawakuta asubuhi wamelundikana, wa chini wamekufa.

LED ikiendelea kung'aa hafifu baada ya kuzimwa, mara nyingi swichi imekata nyutro badala ya laivu, waya unaoleta umeme. Zima meni swichi, fundi abadilishe waya hizo mbili. Usilipuuze, kwa sababu holda inabaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa.