Jua au udongo: njia mbili za wachoraji wa jamii za asili Ufilipino
Jordan Mang-osan, wa jamii ya Waigoroti wa milima ya Cordillera, huchora kwa kuunguza ubao kwa miale ya jua inayopita kwenye lenzi ya kukuzia. Wachoraji wa jamii ya Watalaandig wa Lantapan, mkoani Bukidnon, akiwemo Waway Saway, hutumia udongo wa kwao wa rangi mbalimbali.

Anayeanza aanze na udongo: auponde, auchekeche, auchanganye na maji na gundi nyeupe, apake tabaka jembamba. Gundi ikipungua, rangi hupukutika. Tabaka likiwa nene, hupasuka likikauka. Bluu asiitegemee, udongoni ni adimu mno.

Lenzi inataka mkono mwepesi. Nukta ya mwanga ikiwa ndogo, mstari hukolea. Mkono ukikawia, ubao huungua kupita kiasi, na hakuna kufuta. Wingu likipita, kazi husimama. Miwani ya giza ni lazima.