Madirisha ya nyumba ya Mji Mkongwe: lipi ununue, lipi uache

Watu wengi wakianza kukarabati nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Unguja, huanza kwa kuulizia bei ya alumini. Mimi naanza na bisibisi. Ichome fremu kwenye pembe mbili za chini, ambako maji ya mvua hutuama. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, pameoza. Ikigoma, basi una mvule au msaji uliokauka miaka na miaka, na huo dukani huupati.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naliachia dirisha ulilonalo. Mara nyingi kilichooza ni ubao wa chini na luva chache, zile mbao nyembamba za kupitisha upepo. Seremala anayejua kazi hukata palipooza akapachika mbao ya aina ileile. Misumari na bawaba za chuma zing'olewe, ziwekwe za shaba. Hewa ya bahari hula chuma, na kutu ikivimba hupasua mbao.

La pili ni jipya la mvule au msaji, lililochongwa kwa kufuata la zamani. Pima kila tundu peke yake, juu, kati na chini, maana kuta hizi hazijanyooka. Adui ni mbao mbichi. Niliwahi kuletewa madirisha mawili, mazuri kweli. Lilipokuja jua la kaskazi yakaachia nafasi ya kupitisha kidole. Siku hizi naomba kipande, nakipima kwenye mizani, nakiweka kivulini wiki mbili, nakipima tena. Uzito ukishuka sana, fundi asubiri.

La tatu ni kuukuu kutoka nyumba iliyobomolewa. Mbao zake zimekauka, ila kipimo hakikubali kirahisi, na ukilisikia linalia kama lina uwazi ndani unapoligonga, mchwa wameshakula. Mbao laini zilizotiwa dawa ni za nne. Ziweke upande wa ua, chini ya paa, si kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya masika.

Alumini ya kuteleza naiweka mwisho, hata ikiwa rahisi. Hufunguka nusu tu. Luva ukizifunga, upepo unapita, mvua haiingii na jirani haoni ndani. Kioo ukikifunga, unatafuta kiyoyozi. Tena Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na kubadilisha sura ya nje ya nyumba kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kichukue kabla ya kulipa arubuni.

Lolote utakalochagua, nafasi kati ya fremu na ukuta izibwe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, kisha unyevu huo unarudi kwenye mbao zako mpya. Mwambie fundi mapema, kwa sababu siku ya kazi mfuko wa saruji huwa umeshafika mlangoni.