Msaada wa Kisheria kwa Wazazi Wanaochunguzwa: Tathmini ya Kituo Kimoja cha Mombasa

Kituo cha msaada wa kisheria nilikomsindikiza jirani yangu, hapa kisiwani Mombasa, kina ubora mmoja unaozidi kasoro zake zote: kinamfahamisha mzazi anayedaiwa kumdhulumu au kumtelekeza mtoto kwamba huenda akakabiliwa na shughuli mbili zisizofanana. Kuna uchunguzi wa afisa wa watoto, ambao chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 hulenga usalama wa mtoto na huweza kuishia katika Mahakama ya Watoto, ambayo kwetu iko Tononoka. Na kuna upelelezi wa polisi, ambao unaweza kumfikisha mzazi kizimbani.

Wakili aliyetupokea alilieleza hilo bila papara. Mzazi akikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama, ndipo hupelekwa siku ya mahakama inayofuata. Mbele ya afisa wa watoto, hata hivyo, kimya mara nyingi hakimfai mzazi, kwa kuwa ripoti itaandikwa vilevile kutokana na maneno ya majirani na walimu. Ushauri huo niliuona wa busara, maana mitaani kwetu watu hushauri ama kukana kila kitu ama kumpeleka mtoto kwa shangazi yake Kwale usiku usiku, na hilo la pili ndilo linalomharibia mzazi kabisa.

Kilichonivutia zaidi ni kazi ya mikono. Jirani yangu alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi yaliyokunjamana. Msaidizi wa kisheria akayatandaza mezani, akaitenga kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo, akazipanga risiti za karo kwa mwezi, na barua ya mwalimu akaiweka juu. Kuhusu taarifa ya polisi, wakili alimwambia, "Mama, usitie sahihi mpaka usomewe yote kwa Kiswahili, na palipokosewa waambie wasahihishe." Pia aliweka wazi kwamba yeye ni wakili wa mzazi, na kwamba mahakama inaweza kuagiza mtoto apate wakili wake mwenyewe, kwa kuwa Kifungu cha 53 cha Katiba kinatanguliza maslahi ya mtoto hata pale yanapopingana na matakwa ya mamake.

Kasoro haikosi. Mahojiano hufanyika kwenye meza iliyo karibu na mlango, huku waliopanga foleni wakisikia jina la mtoto na shule anayosoma. Kwa mambo ambayo sheria yenyewe inakataza utambulisho wa mtoto kuanikwa hadharani, huo ni uzembe usio na udhuru. Kijikaratasi cha haki za mzazi nacho kimechapishwa kwa Kiingereza pekee.

Kesi za jinai hawazisimamii mahakamani; humwelekeza mzazi kwenye huduma ya serikali iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Ushauri ni bure, ila nakala za stakabadhi mzazi hujilipia, na mashine iliyo karibu haipokei malipo ya simu.