Beringi ya IMS kwa Boxster na 911 za zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Porsche Boxster ya 2002 huuzwa kwa bei isiyolingana na sura yake. Ukimuuliza muuzaji sababu, mara nyingi utajibiwa kwa herufi tatu: IMS, kifupi cha Kiingereza cha shafti ya kati (intermediate shaft). Kinachosumbua ni beringi yake yenye kipenyo kisichofika sentimita 5, imejificha nyuma ya klachi, na kazi yake ni kushika mwisho mmoja wa shafti ya kati ya injini. Krankishafti huizungusha shafti hiyo kwa cheni, nayo huendesha cheni za kemshafti za pande zote mbili pamoja na pampu ya oili. Beringi ikivunjika, shafti inayumba, cheni zinalegea, taimingi inapotea na valvu zinagongana na pistoni. Baada ya hapo unatafuta injini nyingine, na bei yake inaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe.

Watu wengi huanza kwa kuuliza kampuni gani ni nzuri. Swali la kwanza ni injini yako ina beringi gani, maana hilo peke yake linafuta nusu ya orodha.

Injini za M96 na M97, yaani zile za Boxster na 911 za kawaida za miaka hiyo, zilitoka kiwandani na beringi za aina tatu. Za mwanzo, kuanzia 1997 hadi karibu 2000, zina safu mbili za gololi. Zilizofuata hadi 2005 zina safu moja, na hizi ndizo zilizoipa Porsche jina baya. Marekani wenye magari walifungua kesi ya pamoja, ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2013, ikihusu magari yaliyoundwa kati ya Mei 2001 na Februari 2005. Kiwango cha kuharibika kilichotajwa humo ni takriban asilimia 8 kwa safu moja, na chini ya asilimia 1 kwa safu mbili. Aina ya tatu ni beringi kubwa ya injini za 2006 hadi 2008, na hiyo haitoki bila kuitenganisha bloku ya injini.

Mwaka wa usajili usikudanganye. Magari ya 2000, 2001 na 2005 yanaweza kuwa na aina yoyote kati ya mbili za jirani, hasa kama injini iliwahi kubadilishwa. Jibu la uhakika linapatikana giaboksi ikishashushwa: nati ya katikati ya kifuniko ikiwa ya spana 13, beringi inatoka, ikiwa ya 22, ni ile kubwa. Ukiikuta ya 22, rudisha pochi mfukoni. Mwambie fundi atoe tu sili ya nje ya beringi wakati klachi iko chini, ili oili ya injini iingie na kutoka, kisha afunge gari. Hakuna cha kununua hapo, na anayekuuzia kitu anakuuzia hofu.

Wenye 911 Turbo, GT2 na GT3 za miaka hiyo wasihangaike. Injini zao ni za ukoo mwingine, na shafti yao ya kati huzunguka kwenye beringi bapa zisizo na gololi. Kuanzia modeli za 2009, injini mpya za 911 na Boxster hazina kabisa shafti hiyo.

Kwa nini beringi ya kiwandani hufa? Ilifungwa sili pande zote, na grisi ikawekwa ndani kana kwamba ni ya feni ya ukutani. Sili zinachoka kwa joto, oili inapenya, inaosha grisi, halafu inanasa humo humo ikiwa chafu, isipate njia ya kutoka. Ndiyo maana gari linalolala gereji wiki nzima na kutoka Jumapili tu linaweza kuwa na hali mbaya kuliko linalokimbizwa kila siku. Kilomita chache kwenye dashibodi, ambazo kwa gari jingine ungezilipia zaidi, hapa zisikufurahishe haraka.

Sasa orodha yenyewe, kwa mpangilio ninaouamini.

Namba moja ni beringi ya gololi za seramiki, na kwa injini ya safu moja chagua ile iliyobanwa safu mbili ndani ya nafasi ya moja. LN Engineering ya Illinois ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hii. Toleo hilo inaliita Single Row Pro, na inayo pia ya injini za safu mbili. Vikombe ni vya chuma, gololi ni za seramiki: nyepesi, ngumu, na zinavumilia zaidi oili ikipungua. Upande wa ndani ya injini umeachwa wazi, hivyo oili inayorushwa humo ndiyo inayoilainisha. Naiweka juu kwa sababu inakwenda na maisha ya klachi. Mtengenezaji ameiwekea muda wa kubadilishwa, kwa kilomita na kwa miaka, na kwa mwenye gari la gia za mkono kazi hiyo huangukia karibu na klachi nyingine. Unalipa ufundi mara moja, unapata viwili. Kampuni hiyo hiyo ina toleo la bei nafuu zaidi la safu moja. Ni zuri, ila muda wake ni mfupi, na tofauti ya bei ni ndogo ukiipima na gharama ya kushusha giaboksi.

Namba mbili ni IMS Solution, ya LN Engineering pia, na kuna watakaoniambia ingekaa juu. Kiufundi wana hoja. Inaondoa gololi zote na kuweka beringi bapa inayolishwa oili yenye presha, iliyochujwa, kwa bomba kutoka kwenye adapta ya filta. Ni dawa ya kudumu, bila tarehe ya kubadilisha, na ncha ya pili ya shafti hiyo hiyo inazunguka kwenye beringi bapa tangu kiwandani bila malalamiko. Kilichoishusha ni bei, inayozidi dola elfu moja kabla hujamlipa fundi, na kwamba haisamehi uchafu. Chembe za chuma zikiwa tayari zinazunguka ndani ya injini, beringi bapa ndiyo itakayozila kwanza. Kama una 996, yaani 911 ya miaka hiyo, unayotaka kumrithisha mwanao, na filta yake ni safi, nunua hii. Vivyo hivyo kwa gari la Tiptronic, giaboksi ya otomatiki ya Porsche: halina klachi ya kukupa kisingizio cha kufungua tena, kwa hiyo kumaliza kazi mara moja kuna maana.

Namba tatu ni beringi za rola. Rola hubeba mzigo wa pembeni vizuri kuliko gololi, na bei yake ni ya kati. Lakini rola ya kawaida haizuii shafti kusogea mbele na nyuma, kwa hiyo muulize muuzaji msukumo huo unashikwa na nini. Akikosa jibu, endelea na safari.

Namba nne ni beringi ya gololi za chuma, kama iliyo kwenye seti ya Pelican Parts, wauzaji wa spea. Ni rahisi kuliko zote hizo, na si takataka. Kwa mtu ambaye klachi imekwisha, bajeti imebana, na anajua atafungua tena, ni bora mara elfu kuliko kurudisha beringi yenye umri wa miaka 20. Ichukulie kama spea ya kubadilisha kila klachi.

Mwisho kabisa ni vifaa vya bomba linalochukua oili kwenye kichwa cha silinda na kuimwagia beringi ya gololi. Oili inafika, sawa, lakini gololi ni zile zile, na umeongeza viungio vinavyoweza kuvuja.

Nje ya orodha kuna kishawishi cha hapa kwetu. Beringi ya safu moja ina vipimo vya 6204, saizi iliyojaa kwenye pampu za maji na mota za umeme, na utaipata Kirinyaga Road au Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana. Fundi atakwambia ni ile ile. Kipimo ndiyo, kazi siyo: ni ya sili na grisi, kasoro ile ile iliyotuleta hapa, na huna uhakika kama nembo iliyochongwa juu yake ni orijino.

Usiagize chochote kabla ya kukata filta ya oili na kuikunjua karatasi yake. Pitisha sumaku. Vipande vya plastiki ya kahawia au nyeusi ni vya miongozo ya cheni, na kidogo hakitishi. Chembe za chuma zinazong'aa na kunasa kwenye sumaku ni habari nyingine: beringi imeanza kusambaa, na kuweka mpya ndani ya injini hiyo ni kuitupa. Fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, uangalie huko pia.

Kuhusu fundi, muulize kama ana vifaa vya kufunga kemshafti na kifaa cha kuchomolea beringi hii hasa. Tensheni za cheni zinalegezwa wakati wa kazi, na kemshafti isiyofungwa inaweza kuruka jino. Akikujibu kwa nyundo na patasi, mshukuru uondoke. Giaboksi ikiwa chini, badilisha pia sili ya nyuma ya krankishafti na boliti za kifuniko, na pima flaiwili.

Ukishafunga, mwaga oili kila kilomita 8,000 au miezi sita, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi. Weka plagi ya sampu yenye sumaku, na kila sevisi kata filta uikague kabla haijaenda kwenye pipa.