Pikipiki inayojizima yenyewe ukisimama au uzime mwenyewe, ipi bora?

Huu ubishi hauishi, wengine wanasema ya kujizima ndo mpango mzima, wengine hawaitaki hata kuisikia.

Tuanze na mafuta. Injini ikiunguruma bure inakunywa tu, na hapa ya kujizima inashinda kama unapita kwenye foleni na mataa mengi. Skuta ya Honda PCX 125 kwa mfano, tangu ile ya 2010, ukisimama kama sekunde 3 hivi injini inakata, ukigusa eksileta inawaka hapo hapo bila kelele ya stata, kwa sababu stata na jenereta ni kitu kimoja kimefungwa kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na injini. Mwenyewe nani atazima na kuwasha kila taa nyekundu? Hakuna, mkono unachoka.

Ila betri sasa! Injini imelala taa ya mbele inawaka, betri ikichoka mfumo wenyewe unagoma kufanya kazi, kwa hiyo betri lazima uiangalie kwelikweli. Ya kuzima kwa mkono haina mambo mengi, fundi yeyote anaielewa, lakini kosa moja baya, umezima kwa swichi nyekundu ya kwenye usukani ukaacha funguo ON, ukirudi betri imekwisha.

Kwa hiyo safari ndefu barabara wazi, hutaiona faida ya kujizima. Mjini kila siku, chukua ya kujizima, na kwenye kona za kugeuza taratibu zima huo mfumo wa kujizima, sio injini, kwa swichi yake.